Mkadam na Joto la Jenereta

Mkadam alikuwa mtu wa Tumbatu. Kabla hajawa fundi wa injini pale Mkokotoni, alikuwa ametia mafuta kwenye meli za moshi kwa miaka mingi, Aden, Bombay, mpaka Durban. Huko chini kwenye chumba cha injini alijifunza kusikiliza. Sauti ikibadilika kidogo tu, hata kama yuko katikati ya mazungumzo, hunyamaza na kugeuza kichwa. Alirejea nyumbani kwa sababu mkewe, Mwanakheir, alimwambia kwamba akienda safari nyengine hatamkuta. Atakuwa kesharudi kwa wazee wake. Mkadam alimjua mkewe. Akashuka melini na sanduku lake, asipande tena.

Ilikuwa kama mwaka wa hamsini na nne pale Bwana Saud, mfanyabiashara wa mjini, alipojenga kiwanda kidogo cha barafu Mkokotoni ili samaki wa kaskazini wafike sokoni bila kuharibika. Umeme wa mjini ulikuwa haujafika huko. Akanunua injini ya dizeli na jenereta, vyote viwili vilivyokwisha tumika kwengine. Injini inazungusha jenereta, jenereta inatoa umeme, na umeme unazungusha mota ya mtambo wa kugandisha maji. Msimamizi wa yote hayo akawa Mkadam.

Ukutani palikuwa na ubao wa saa za kupimia. Moja ilikuwa ya kilowati, inayoonyesha nguvu inayofanya kazi. Ya pili, ya ampia, inayoonyesha umeme unaopita kwenye waya, ilikuwa imekufa tangu zamani, na tundu lake limezibwa kwa kipande cha ubao.

"Hiyo ya kilowati inatosha," Bwana Saud alimwambia siku ya kwanza. "Jenereta imeandikwa arubaini na tano. Wewe usivuke thelathini na tano, tutazeeka nayo."

Mkadam hakuvuka. Mwaka mzima barafu ilitoka, lori likapakia, na watu wa diko, pale pwani samaki wanapoteremshwa, wakazoea kumwona asubuhi na mapema akifuta injini kwa tambara.

Mwaka wa pili barafu ikahitajika zaidi. Bwana Saud akapata mota kubwa kwenye mnada wa kinu cha mafuta ya nazi kilichofungwa, akaileta ije kuendesha pampu ya maji ya bahari ya kupozea mitambo. Pampu yenyewe ilikuwa ndogo. Mota ile pale ilikuwa kama ng'ombe aliyefungiwa kigari cha mtoto.

"Kubwa haichoki," Bwana Saud alisema huku akiipigapiga kwa kiganja, na wote waliokuwapo wakakubali, Mkadam akiwa mmoja wao.

Haukupita muda, jenereta ikaungua. Ilikuwa asubuhi, lori liko mlangoni, watu wanasukuma mapande ya barafu. Mkadam akasikia harufu ya rangi inayoungua, akageuka, akaona moshi unatoka kwenye matundu ya jenereta. Aliikimbilia injini akaizima. Hakuna aliyeumia, wala moto haukuruka. Lakini waya zote za ndani zilikuwa zimekuwa nyeusi.

Jenereta ikapelekwa mjini kwa fundi Shamsi, kijana aliyesomea kazi hiyo Bombay na ambaye karakana yake ilikuwa Malindi. Shamsi alifungua, akatazama, akamuuliza dereva wa lori ilikuwa ikibeba mzigo gani. Dereva alikuwa ameambiwa ajibu kilowati thelathini, akajibu hivyo.

"Thelathini haiwezi kuiunguza hii," Shamsi alisema. "Ama mtu kaziba matundu ya hewa, ama kazidisha mzigo akalala."

Dereva akarudi na maneno hayo. Lakini njia ya kutoka mjini mpaka Mkokotoni ni ndefu, na alipofika zile "ama" zote zilikuwa zimedondoka njiani. Lililobaki ni kwamba Mkadam alilala.

Mkokotoni ni mahali padogo. Bi Sichana, aliyekuwa akinunua samaki dikoni na kuwapeleka sokoni, alikuwa na samaki wengi na barafu hana. Wengine walimwozea, wengine akawakausha wawe ng'onda, na kila aliyemuuliza alimjibu, "Barafu hakuna, fundi alilala." Hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anavyosema mvua imenyesha. Ndiyo maana kila mtu akaamini.

Mkadam alimwendea Bwana Saud. "Wallahi sikulala."

"Basi niambie iliungua kwa nini."

"Sijui."

"Unaona?" Bwana Saud alisema, na hapo mazungumzo yakaisha.

Hilo ndilo lililomtesa. Mtu anayesema uongo huwa na hadithi ya kusimulia. Yeye alikuwa na ukweli, lakini ukweli wake haukuwa na maelezo. Akawa anapita njia ya nyuma akitoka msikitini ili asisalimiwe kwa ile sauti ya kumhurumia. Ndugu zake wa Tumbatu walipomwita kisiwani alisema ana kazi, na wakati huo kazi hakuwa nayo.

Mwanakheir hakumuuliza hata mara moja kama alilala. Siku moja alipomwona kakaa uani na chakula kimempoa mbele yake, alimwambia tu, "Baba Wanu, wewe hata ukiwa na homa unaamka kwa sababu kapi la kisima cha jirani limelia vibaya. Nani ataniambia mimi kwamba wewe ulilala mbele ya injini? Kula."

Akala kidogo.

Jenereta ikarudi, imesukwa waya mpya. Bwana Saud mwenyewe alikuja siku ya kuifunga. "Nnakupa tena," alimwambia Mkadam. "Si kwamba moyo wangu umetulia. Sina mwengine."

"Inshallah itakaa," alijibu Mkadam, lakini maneno yale yalimchoma.

Tangu hapo hakuiacha ile mashine. Chakula Mwanakheir alimletea palepale. Na kadiri alivyoichunga ndivyo alivyozidi kutoelewa. Saa ya kilowati ilisimama thelathini. Injini ilikuwa nyepesi, inanguruma kwa raha, moshi wake hata hauonekani. Injini iliyozidiwa haitoi sauti ile, alizijua zilizozidiwa za kila namna. Lakini alipoweka kiganja kwenye jenereta hakikukaa. Akachunguza matundu ya hewa: wazi. Akagusa bolibeni zinazoshika mhimili, za huku na huku: zimepoa. Joto lilikuwa linatoka katikati, kwenye waya, na linapanda.

Siku hiyo samaki walikuwa wengi kupita kawaida. Lori lilikuwa mlangoni, Bi Sichana amesimama na makapu yake, na Bwana Saud alikuwa njiani kutoka mjini kuja kutazama biashara yake ilivyorudi. Mkadam aliweka mkono mara ya mwisho, akauondoa, akenda akaizima injini. Kimya kikaingia kiwandani kote.

"Fundi!" Bi Sichana aliita nje. "Kuna nini tena?"

"Subiri, Bi Sichana," alisema Mkadam.

Bwana Saud alifika akakuta kimya hicho. Aliingia bila kuvua kofia, uso umemwiva.

"Nani kakwambia uzime?"

"Mkono wangu."

"Saa ilikuwa inasemaje?"

"Thelathini."

"Injini?"

"Nyepesi. Haina taabu yoyote."

"Sasa?"

"Sasa jenereta inaungua, Bwana Saud. Sijui kwa nini, na ukiniuliza mara mia ntakujibu sijui. Lakini njoo uweke mkono."

Bwana Saud alisogea, akaweka kiganja kizima, akakirudisha haraka. Akalitazama tundu la ubao, akatazama saa, akamtazama Mkadam. Akarudi tena akagusa kwa ncha za vidole, kama mtu asiyeamini.

"Izime," alisema, na ilikuwa imekwisha zimwa zamani.

Mkadam nusura acheke. Bado hakujua lolote, bado kazi yake ilikuwa inaning'inia, lakini kifua kilimfunguka. Lile joto lilikuwa la kweli, na sasa mtu mwengine alikuwa amelichukua kwenye kiganja chake. Bwana Saud aliwaamrisha watu wamgawie Bi Sichana barafu iliyokwisha ganda, akapanda gari akarudi mjini. Kesho yake akaja na Shamsi.

Shamsi alikuwa mwembamba, mikono imejaa alama za vyombo vya kazi. Alipoingia tu alisema, "Shikamoo, Mzee Mkadam."

"Marahaba, mwanangu," Mkadam alijibu, akashangaa jinsi salamu ile ilivyomkaa vizuri.

Shamsi alisoma bamba la jenereta. Akasoma saa ya kilowati. Kisha akagonga kile kipande cha ubao ukutani. "Hapa palikuwa na nini?"

"Saa ya ampia."

"Imekufa lini?"

"Mimi nimeikuta maiti."

Shamsi alifungua mkoba akatoa koleo kubwa lenye saa ndogo kwenye mpini, koleo la kukumbatia waya bila kuukata na kupima umeme unaopita ndani. Akamwomba Mkadam awashe. Injini ikanguruma, mota zikazunguka, saa ya kilowati ikapanda mpaka thelathini ikatulia. Shamsi akabana waya mnene unaotoka kwenye jenereta. Sindano ikapanda, ikapita sitini, ikapita sabiini.

"Bamba linasema sitini na tano," alisema taratibu. "Bwana Saud, tazama mwenyewe."

Bwana Saud akainama akatazama.

"Sasa, Mzee Mkadam, zima mota ya pampu peke yake. Maji yatasubiri kidogo."

Mkadam akazima. Alisikiliza. Injini haikubadilika sauti, ila labda kidogo sana, kama mtu aliyetua kikapu kitupu. Saa ya kilowati ikashuka mpaka ishirini na saba. Lakini sindano ya koleo ilianguka mpaka hamsini na sita.

"Washa."

Ikapanda tena, ikapita sabiini.

Shamsi aliachia koleo, akavua kofia, akajikuna kichwa. "Injini haikuwa na kosa. Wala aliyeisimamia," alisema. "Zimeni, niwaeleze."

"Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyesoma," alisema Bwana Saud, "maana haya sikuyasoma."

Wakati huo Mwanakheir alikuwa ameingia na chakula cha mumewe, akasimama mlangoni na bakuli lake. Hakuna aliyemwambia atoke.

Shamsi alisema kwamba mota haizunguki mpaka chuma chake kwanza kiwe sumaku. Nguvu ya kutengeneza sumaku hiyo mota huitoa kwenye jenereta, lakini haili. Sumaku inapokufa, nguvu ile inarudi ilikotoka, kisha inachukuliwa tena, mara nyingi mno katika sekunde moja. Kwa kuwa inarudi yote, injini haichomi mafuta kwa ajili yake, ndiyo maana Mzee Mkadam aliisikia nyepesi, na saa ya kilowati haiihesabu kabisa. Lakini kwenda na kurudi kote huko kunapita kwenye waya za jenereta, na waya unapata joto kwa kila kinachopita, kiwe kinakwenda kufanya kazi au kinarudi.

"Kama mchi," Mwanakheir alisema pale mlangoni.

Wote wakageuka.

"Jirani yangu huazima mchi wangu kila siku, akishatwanga anaurudisha. Mchi haupungui. Lakini mlango wangu haufungiki, na mimi sikai kitako."

Shamsi akatabasamu mara ya kwanza. "Ndivyo hasa, mama. Na mota kubwa isiyo na kazi ya kutosha ndiyo jirani mbaya kuliko wote. Kazi yake ndogo, kuazima kwake kukubwa."

Bwana Saud akaigeukia mota aliyoinunua mnadani.

"Hiyo ya kuazima ni kiasi gani?" Mkadam aliuliza.

"Kwa hesabu yangu, kama arubaini. Na ya kazi thelathini."

"Basi jumla sabiini!" alisema Bwana Saud. "Ingeungua siku ya kwanza!"

"La. Hazijumlishwi hivyo, kwa sababu hazielekei upande mmoja." Shamsi alichukua chaki akapiga magoti kwenye saruji. "Mzee Mkadam, nipimie shubiri tatu hapa, mstari ulionyooka, kila shubiri ni kumi. Hiyo ni nguvu ya kazi. Sasa mwisho wake simamisha mstari mwengine, shubiri nne. Hiyo ni ya kwenda na kurudi. Haya, nipimie kutoka mwanzo wa huu mpaka mwisho wa ule, mshazari."

Mkadam alitambaa kwenye saruji akipima kwa kiganja chake kipana. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Kidole kikaangukia kwenye chaki.

"Tano."

"Hamsini," alisema Shamsi. "Huo mshazari ndio mzigo unaobebwa na jenereta, na ndio unaoandikwa kwenye bamba. Hiyo arubaini na tano si kilowati, ni kilovolti-ampia, yaani mshazari wote. Saa yenu ilikuwa inawaonyesha mstari wa chini tu."

Mkadam alibaki palepale chini, mkono juu ya chaki. Arubaini na tano kwenye bamba, hamsini kwenye waya, na yeye siku zote macho yake kwenye thelathini. Hakuna usingizi wowote uliohitajika hapo. Hata angekuwa na macho manne, yote manne yangetazama saa iliyokuwa inasema kila kitu ni salama.

"Kumbe lina jina," alisema.

"Nini?" aliuliza Bwana Saud.

"Hilo joto."

Akainuka, akakaa juu ya debe la mafuta. Mwanakheir alimwekea bakuli mapajani, na alipoinama alimgusa bega, mbele za watu, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya.

Shamsi alikuja akasimama mbele yake. "Mzee wangu, mimi ndiye niliyesema umelala. Sikufika hapa. Niliuliza kilowati, sikuuliza ampia, na kuuliza ampia ndiyo kazi yangu. Nisamehe."

"Ulisema 'ama'," alisema Mkadam. Dereva alikuwa amekwisha mkiria siku moja kwamba Shamsi alitaja mambo mawili. "Nshasamehe."

"Na mimi je?" Bwana Saud aliuliza kwa sauti ndogo, akimgeukia Shamsi. "Sasa ninunue jenereta kubwa zaidi?"

"Hapana," alisema Shamsi, na Bwana Saud akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyeambiwa homa ya mwanawe imeteremka. "Ya kwanza, ipe pampu mota inayolingana nayo. Ya pili, mota ya barafu ntaiwekea kapasita pembeni yake."

Akaeleza kuwa kapasita ni visanduku vya bati, ndani mna karatasi na mafuta, havizunguki wala havipigi kelele. Navyo vinachukua na kurudisha vilevile, lakini kwa zamu iliyo kinyume: mota inapotoa, kisanduku kinapokea, mota inapotaka, kisanduku kinatoa. Sehemu kubwa ya kuazimana inaishia hapo hapo baina yao, na jenereta inabaki na mzigo inaouweza.

Bwana Saud hakungojea visanduku. Alitoka akateremka mpaka dikoni, kofia mkononi, akasimama pale watu walipokuwa wakinadi samaki. Bi Sichana alikuwapo.

"Nisikilizeni," alisema. "Mkadam hakulala. Jenereta imeunguzwa na mota niliyoinunua mimi."

Watu wakatazamana. Bi Sichana akaweka kapu chini. "Sasa mbona hukusema hivyo tangu mwanzo?"

"Nlikuwa sijui."

"Na mimi nlikuwa sijui," alisema Bi Sichana, "na nikasema." Akafikiri kidogo, akachagua nguru mzima, mnene, akamfunga kwa ukili, akampeleka mwenyewe nyumbani kwa Mwanakheir. Hakueleza wa nini, na Mwanakheir hakuuliza. Walikaa barazani wakazungumza habari za watoto mpaka alasiri.

Shamsi alirudi baada ya wiki chache na visanduku vyake, mota ndogo ya pampu, na saa mpya ya ampia ya kuziba lile tundu. Wakafunga siku nzima. Walipowasha, saa ya kilowati ilipanda thelathini kama zamani, lakini saa mpya ilisimama kwenye hamsini na mbili, mbali na mstari mwekundu wa sitini na tano. Wakaiacha ifanye kazi mpaka mapande ya kwanza ya barafu yakatoka. Mkadam akaweka kiganja kwenye jenereta. Ilikuwa vuguvugu tu. Akakiacha pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na Shamsi, aliyekuwa akikusanya vyombo vyake, hakumharakisha.

Wiki ile, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, Mkadam aliomba ruhusa. Kulikuwa na arusi ya mpwa wake kisiwani. Bwana Saud alimpa siku alizotaka, akamwongezea na gunia la mchele la kupeleka arusini.

Tumbatu walimpokea kwa vifijo. Wakati wa chakula mjomba wake mmoja, mzee anayependa kujua kila jambo, alimsogelea kwenye sinia akamwambia, "Ee bwana, sisi huku tulisikia kulikuwa na mkasa kule Mkokotoni."

"Naam, mjomba, ulikuwapo," alisema Mkadam. "Umekwisha."

Akavuta ile sehemu ya pilau yenye nyama nyingi, akala, akaomba na ya pili.